Kufunga Helios 44-2 kwenye kamera ya kisasa: adapta, fokasi na jua la adhuhuri

Helios 44-2 ilitengenezwa Umoja wa Kisovyeti kwa wingi mno, nyingi zikiuzwa zikiwa zimefungwa kwenye kamera za Zenit. Ni lenzi ya milimita 58, apecha yake, yaani tundu la kupitishia mwanga, inaanzia f/2 (wazi kabisa) hadi f/16 (dogo kabisa), na mpangilio wa vioo vyake unafuata Biotar, lenzi ya Zeiss ya Jena, Ujerumani, ya miaka ya 1930. Ndani yake hamna mota, chipu wala waya. Kwa sababu hiyo inafungika karibu kwenye kamera yoyote isiyo na kioo cha kupinduka, na kosa lolote litakalojitokeza litakuwa la chuma, la mkono au la jicho. Makosa ya namna hiyo yanarekebishika mezani.

Yanayofuata yameandikwa kwa ajili ya Helios, lakini sehemu kubwa inahusu lenzi zote za hesi (mikato ya skrubu ya kufungia lenzi) ya M42, yaani kipenyo cha milimita 42 na hatua ya milimita 1: Takumar za Pentax, Pentacon na Zeiss za Ujerumani Mashariki, Yashinon za Yashica.

Kuikagua kabla ya kutoa pesa

Nenda na tochi ndogo yenye mwanga mkali. Fungua apecha yote, mulika kutoka nyuma ya lenzi, kisha tazama kwa mbele ukiwa umeinamisha lenzi kidogo. Vumbi chache si neno, halionekani kwenye picha. Mkwaruzo mmoja mwembamba kwenye kioo cha mbele nao vumilia. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma ni mbaya zaidi, kwa sababu uko karibu na kihisi, kile kipande cha kamera kinachopokea picha. Utando mweupe kama pumzi iliyoganda juu ya kioo unaua rangi na weusi wa picha, hivyo dai punguzo kubwa au achana nayo. Nyuzi nyembamba zenye matawi, kama utando wa buibui unaoanzia pembeni, ni fangasi. Ikiwa ni kidogo na imekaa pembeni, inasafishika. Ikiwa imefunika katikati, huenda imeshakula rangi ya kinga ya kioo, na alama zake hazitafutika hata baada ya kusafisha.

Vibati vya apecha vya Helios 44-2, vile vipande vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu, ni 8. Mara nyingi vina mafuta yanayong'aa, na wauzaji wengi hushusha bei kwa sababu hiyo. Kwa lenzi hii, hiyo ni nafasi yako. Vibati vyake huendeshwa na mkono wako moja kwa moja, si na springi, kwa hiyo mafuta hayavicheleweshi kwa namna itakayoharibu picha. Mafuta hayohayo kwenye Pentacon au Takumar yenye kipini cha kujifunga yenyewe ni tatizo la kweli, kwa sababu springi ni dhaifu na vibati vikinata vinachelewa kufunga au havifungi kabisa.

Zungusha pete ya fokasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Iwe nzito lakini laini. Ikiwa inakwama mahali pamoja, lenzi iliwahi kuanguka. Ikiwa ni nzito kote kama imetiwa gundi, grisi ya zamani imekauka, na hilo ni kazi ya saa mbili kwa fundi anayejua.

Kuna mtego mmoja. Helios-44 za mwanzo na baadhi ya lenzi nyingine za Zenit zina hesi ya milimita 39, si 42. Hesi ya 39 ilitumika pia kwenye kamera za aina ya Leica na FED ya Kisovyeti, ambazo umbali kutoka mdomo wa kamera hadi kwenye filamu ni milimita 28.8, ilhali ule wa Zenit ya 39 ni milimita 45.2. Kwa kutazama hesi peke yake utaona zinafanana. Industar-50 ilitengenezwa kwa namna zote mbili: ile fupi, bapa kama kifuniko cha chupa, ni ya Zenit, ile yenye shingo ndefu ni ya FED na wenzake. Ukiifunga moja kwenye adapta ya nyingine, ama hutaona kitu cha mbali hata kimoja kikiwa kikali, ama fokasi itakwenda ovyo.

Adapta: hapa ndipo penye mambo

Kila kamera ina umbali wake kutoka uso wa mdomo, pale lenzi inapokalia, hadi kwenye kihisi au filamu. Lenzi ya M42 ilichorwa kukaa milimita 45.46 mbele ya filamu. Kamera za kisasa zisizo na kioo cha kupinduka ni fupi zaidi: Sony E ni 18, Fujifilm X ni 17.7, Micro Four Thirds ni 19.25, Canon RF ni 20, Nikon Z ni 16. Adapta ni bomba la kujaza pengo hilo, basi. Kwa hiyo ya Sony E inatakiwa iwe na unene wa milimita 27.46, ya Fujifilm X 27.76, ya Micro Four Thirds 26.21, ya Canon RF 25.46, na ya Nikon Z 29.46.

Namba hizo za baada ya nukta zina uzito. Adapta ikizidi unene, lenzi inakaa mbali mno na kihisi na vitu vya mbali havifikiki. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha milimita za lenzi kwa zenyewe, kisha gawanya kwa milimita zilizozidi. Adapta iliyozidi milimita 0.1 tu, unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia, inaifanya Helios ya 58 iishie kwenye mita 33 hivi. Zaidi ya hapo kila kitu ni ukungu. Lenzi ya milimita 28 kwenye adapta hiyohiyo inaishia chini ya mita 8, na lenzi ya 135 inafika mita 182, hata hutashtuka kuwa kuna kasoro. Ndiyo maana mtu anaweza kusifu adapta akiwa na lenzi ndefu, na mwingine akailaani akiwa na lenzi pana, na wote wawili wanasema kweli.

Watengenezaji wengi wa adapta za bei nafuu wanalijua hili, hivyo huzifanya nyembamba kidogo kwa makusudi. Matokeo yake pete ya fokasi inapita ile alama ya nane iliyolala, yaani umbali usio na mwisho, na kitu cha mbali kinakuwa kikali kabla hujafika mwisho. Hilo si kosa la kukuumiza kichwa ikiwa unafokasi kwa kutazama skrini. Linasumbua pale tu unapotegemea namba za umbali zilizochongwa kwenye lenzi.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini M42 haiendi vizuri kwenye Nikon za kioo cha kupinduka. Umbali wa Nikon F ni milimita 46.5, mrefu kuliko wa M42 yenyewe. Hata adapta ingekuwa na unene sifuri, Helios ingezidi kwa milimita 1.04 na kuishia kama mita 3.2. Zipo adapta zenye kioo cha kurekebisha, lakini kioo hicho cha bei nafuu hulainisha picha na kuondoa sababu ya kuipenda lenzi. Canon EF ni 44.0, hivyo inakubali M42 kwa adapta ya milimita 1.46, ila kwenye kamera za kihisi kikubwa kioo cha kupinduka kinaweza kugonga sehemu ya nyuma ya baadhi ya lenzi. Jaribu polepole, pete ikiwa imepelekwa kwenye nane iliyolala, na usikilize.

Unaponunua, utakuta adapta za namna mbili. Moja ina ukingo wa ndani unaosukuma kipini cha nyuma ya lenzi, nyingine haina. Helios 44-2 haina kipini, kwa hiyo yoyote inafaa. Helios 44M-4 na zilizofuata, na Pentacon nyingi, zina kipini lakini hazina swichi ya kuchagua mkono au otomatiki. Bila ule ukingo vibati vyake vitabaki wazi kwenye f/2 hata ukizungusha pete hadi 16. Takumar nyingi zina swichi, hivyo ziweke kwenye alama ya M na utumie adapta isiyo na ukingo, kwa sababu sehemu ya nyuma ya lenzi inaweza kugonga ukingo kabla ya kufika kwenye nane iliyolala.

Adapta ikishafika, fanya mambo manne kabla ya kuigusisha kwenye kamera. Pulizia hesi kwa pampu ndogo ya mpira, kwa sababu chembe za chuma kutoka kiwandani huanguka moja kwa moja kwenye kihisi. Pima unene kwa vernia katika sehemu tatu za mzunguko. Tofauti ya zaidi ya milimita 0.03 kati ya sehemu hizo ina maana upande mmoja wa picha utakuwa laini kuliko mwingine. Tazama ndani kwa kuielekeza dirishani: ukuta wa ndani uking'aa, mwanga utaruka humo na kufifisha picha, na wengi huilaumu lenzi bure. Paka rangi nyeusi isiyong'aa au bandika kitambaa cheusi cha manyoya mafupi. Mwisho, funga lenzi uone alama ya katikati inaishia wapi. Ikisimama ubavuni badala ya juu, tafuta skrubu tatu ndogo kwenye ukingo wa adapta, zilegeze, zungusha pete ya ndani hadi alama ikae juu, kaza.

Kuipangia kamera

Kamera haitajua kama kuna lenzi. Nyingi, zikiwemo Sony, Fujifilm na Canon, zitakataa kupiga mpaka uingie kwenye menyu na kuruhusu kupiga bila lenzi. Kisha weka kamera kwenye A: wewe unachagua apecha kwa pete ya lenzi, yenyewe inatafuta spidi ya shata. Namba ya apecha haitaandikwa kwenye faili, kwa hiyo ukitaka kukumbuka, iandike.

Kama mwili wa kamera una utulizaji wa mtikisiko, uandikie milimita za lenzi kwa mkono: 58. Usiandike 87, hata kama kihisi chako ni kidogo na lenzi inaonekana kama ya 87. Kamera inataka namba iliyochongwa kwenye lenzi. Ukibadilisha lenzi ukasahau kubadilisha namba, utulizaji utasogeza kihisi kupita kiasi au pungufu, na picha za spidi ndogo zitatoka na mtikisiko usioeleweka umetoka wapi.

Washa ile rangi inayochora kingo za kitu kilicho kwenye fokasi, lakini usiiamini peke yake. Kwenye f/2, ukiwa mita 1 kutoka kwa mtu na kihisi kikubwa, eneo lililo kali kweli ni sentimita 3.5 hivi, na rangi hiyo mara nyingi hupaka kutoka puani hadi sikioni. Weka kitufe cha kukuza skrini pale kidole gumba kinapofika bila kutafuta. Kuza mara 5 au 10 kwenye jicho lililo karibu, zungusha mpaka uone kope moja moja, rudi kwenye picha nzima, piga.

Kuitumia

Helios 44-2 ina pete mbili za apecha, na watu wengi huduwaa hapo siku ya kwanza. Moja ina mibofyo na namba, na hiyo ni ya kuweka kikomo. Nyingine ni laini, haina mibofyo, nayo ndiyo inayofungua na kufunga vibati. Ukiweka kikomo kwenye f/4, pete laini itatembea kati ya f/2 na f/4 tu. Unafungua ili uone vizuri na kufokasi, kisha unafunga mpaka ikugotee, bila kuondoa jicho kwenye kioleo. Kwa picha ya karibu sana, fokasi ukiwa umeshafunga, kwa sababu sehemu iliyo kali inaweza kuhama kidogo vibati vinapofunga.

Jua la adhuhuri la kwetu linaleta hesabu nyingine. Kwenye ISO 100 na f/16, anga likiwa wazi, spidi ni takriban 1/100. Kutoka f/16 hadi f/2 ni hatua 6, kila hatua ikizidisha mwanga mara mbili, ambazo zinaipeleka spidi hadi 1/6400, wakati shata za mitambo za kamera nyingi zinaishia 1/4000. Picha itaungua kabla hata hujafikiria mandhari. Nunua kichujio cheusi cha ND8 cha milimita 49, kipenyo cha mbele ya lenzi hii. Kitapunguza hatua 3, spidi irudi kwenye 1/800. Shata ya elektroniki nayo inafika juu zaidi, lakini hupindisha vitu vinavyokwenda mbio.

Jua hilohilo linaweza kuharibu kamera. Baadhi ya lenzi za kisasa hufunga apecha zenyewe; hii inabaki pale ulipoiacha. Kamera ikilala mezani au ikining'inia begani huku f/2 ikitazama jua, vioo vinakusanya miale kwenye kihisi au pazia la shata. Rudisha kifuniko kila unapomaliza, hata kama unakwenda hatua kumi tu.

Sasa lile linalowafanya watu waitafute lenzi hii: mandhari ya nyuma kuzunguka kama kisulisuli. Linatokea kwa sababu duara za mwanga zilizo pembeni mwa picha hukatwa na kingo za lenzi na kuwa na umbo la ndimu, zikijipanga kuizunguka katikati. Ili lionekane, mhusika awe mita 1 hadi 1.5 kutoka kwako na awe katikati ya picha, na nyuma yake, mita 3 hadi 6, kuwe na majani madogo mengi yanayopenyeza mwanga. Mkwaju unafaa kuliko mti wowote, kwa sababu vijani vyake ni vidogo na mwanga unapenya kwenye vitundu vingi. Mwarobaini nao unafaa. Mgomba haufai kabisa. Majani yake mapana hayana vitundu vya kutosha. Apecha ibaki f/2. Ukifika f/4 kisulisuli kimeisha. Kwenye kihisi kidogo utapata sehemu yake tu, kwa kuwa pembe ambako mzunguko una nguvu zaidi zimekatwa, na kwenye Micro Four Thirds usitarajie mengi.

Rangi ya kinga kwenye vioo vya Helios nyingi ni tabaka moja tu, hivyo mwanga wa pembeni unaipausha picha kwa urahisi. Hudi (kizuizi cha mwanga wa pembeni kinachofungwa mbele ya lenzi) ya mpira ya milimita 49 inagharimu kidogo na inafanya kazi kubwa kuliko kichujio chochote cha kinga. Kama huna, kiganja cha kushoto kinatosha: kiweke juu ya lenzi mpaka uone weusi unarudi kwenye skrini, kisha kisogeze kidogo kisiingie kwenye picha.

Yanayoharibika na dawa yake

Fokasi isipofika mbali na una hakika adapta ni sahihi, pete yenyewe inaweza kuwa imehama, pengine mtu aliwahi kuifungua. Kuizunguka pete ya fokasi kuna skrubu tatu ndogo zisizo na kichwa. Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, elekeza mnara wa simu ulio zaidi ya kilomita 1, kuza skrini, fikisha ukali kadiri inavyowezekana. Legeza skrubu hizo kwa bisibisi bapa ya milimita 1.2, zigeuze kidogo tu bila kuzitoa. Zungusha pete ya nje peke yake kurudi nyuma, kaza, jaribu tena. Mnara ukiwa mkali pete ikigota kwenye nane iliyolala, umemaliza. Fanya asubuhi na mapema. Mchana hewa moto inatetema juu ya ardhi na mnara hautakuwa mkali hata kwa lenzi mpya. Kinyume chake, adapta ikiwa nyembamba na unataka mwisho wa pete ulingane na nane iliyolala, ongeza vipande vya utepe wa alumini kati ya sahani ya adapta na bomba lake, ukivipanga sawasawa kuzunguka.

Takumar ya 50 f/1.4 ya vioo 7 ina shida yake: kioo chenye thoriamu ambacho kwa miaka hugeuka manjano kama chai. Mwanga wa urujuanimno unakirudisha. Iweke kwenye jua upande wa nyuma ukitazama juu, na ufunike upande wa mbele kwa karatasi ya alumini, saa chache kwa siku kwa wiki moja au mbili. Usiiache bila karatasi hiyo, wala usiiweke karibu na pazia au godoro: lenzi iliyo wazi juani inawasha moto kweli. Thoriamu ina mnunurisho hafifu. Kupiga nayo picha hakuna shida, lakini kioo hicho usikisage wala kukitengenezea kioleo cha kuweka jichoni kila siku.

Fangasi ndiyo adui wa pwani. Kwa ile iliyo kwenye kioo cha nje, lowesha pamba ya masikio kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, pitisha taratibu kutoka katikati kwenda nje, acha dakika chache, malizia kwa kitambaa safi chenye tone la alkoholi ya isopropili. Usimwagie kioo dawa moja kwa moja, itapenya ukingoni na kuingia ndani. Iliyo katikati ya vioo inahitaji kufungua lenzi. Ukifungua, weka alama kwa sindano pale hesi za fokasi zinapoachana kabla hazijaachana, kwa sababu zina mianzo mingi na mmoja tu ndio sahihi.

Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja, begi la kamera ni mahali pabaya kuliko pote pa kuhifadhi lenzi, maana sponji yake inashika unyevu. Chukua ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa mpira unaobana, weka nusu kilo ya silika jeli ya kubadilika rangi na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ikipita 60, fangasi inapata nafasi. Ikikaa chini ya 30 kwa muda mrefu, grisi inazidi kukauka. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, iache ipoe ndani ya chombo kilichofungwa, ndipo uirudishe. Lenzi zilale bila mikoba yake ya ngozi. Ngozi hubaki na unyevu na vimelea hata inapoonekana kavu mkononi.